Jasho ya usiku haiko kila mara malaria: mwongozo kamili ya menopoze kwa bamama ba Bukavu

Nilikuwa na miaka 48 wakati joto ilianza kunikamata usiku. Ninalala muzuri, halafu saa nane ya usiku ninaamuka shingo na kifua iko maji, moyo inapiga kama mutu aliyepanda Kadutu mbio, ninatupa blanketi, dakika tatu kisha baridi inaingia ninatafuta tena ile ile blanketi. Bukavu yetu iko fasi ya baridi, ziwa yenyewe iko ku mita 1.460, hakuna mutu anatoka jasho bure usiku, njo maana nilijisemea ni malaria. Nilienda ku santre moya karibu na nyumbani, balinipa dawa ya malaria. Mwezi moya kisha, tena dawa ya malaria. Mara ya tatu balisema na tifoide imeongezeka. Mara zote tatu hakuna mutu alinichoma kidole kupima damu, na hakuna mutu aliniuliza hii swali moya tu: mama, mwezi yako inakuja namna gani siku hizi?

Na miye niko infirmiye. Nimefanya miaka mingi ku maternite, kuzalisha najua, kushona najua, lakini menopoze, ile wakati mwezi ya mwanamuke inakatika kabisa, ku masomo tulipita juu yake siku moya tu na kisha basi. Kama miye sikujiona mapema, mama anayeuzisha sambaza, zile samaki ndogo, ku soko ya Nyawera atajiona namna gani? Kwa hiyo ninaandika yote ninajua, pole pole, kila hatua, na we utaanza ku ile yenye inakuhusu.

HATUA YA 1: Jua nini inapita mu mwili

Mutoto musichana anazaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Wakati anavunja ungo inabaki kama 300.000 ao 400.000, na mu maisha yake yote ni kama 400 tu njo itakomaa na kutoka, kila mwezi moya, ile ingine inakufa yenyewe pole pole. Wakati mayai inakaribia kuisha, ovari, ile mifuko mbili yenye inachunga mayai, inaanza kupunguza hormoni mbili, estrojeni na projesteroni. Lakini haipungui sawa sawa. Inafanya kama umeme ya hapa kwetu: inakuja, inaenda, siku moya inakuja na nguvu mpaka inachoma balbu, kisha wiki mbili giza. Njo maana hii miaka ya mbele ya menopoze njo inasumbua kuliko, mwezi moya damu nyingi, mwezi moya hakuna, leo uko muzuri kesho unalia bure.

Na ile joto? Kuko fasi ndani ya ubongo yenye inachunga joto ya mwili. Estrojeni ikipungua hiyo fasi inakuwa nyepesi kukasirika, joto kidogo tu ya chai inafikiri mwili inaungua, inafungua jasho yote ili ikupoze. Hauko mugonjwa, hakuna mutu amekuloga. Na hakuna "damu imebaki mu tumbo" vile bamama bengine banasema na kuanza kunywa dawa za kuishusha, hiyo damu haiko, kizazi haikuitengeneza, basi hakuna kitu ya kushusha, na zile dawa zinaharibu figo na ini bure.

Munganga anasema umefika menopoze wakati umemaliza miezi 12 yenye kufuatana bila kuona damu. Ukifika mwezi ya 10 damu ikarudi, unaanza kuhesabu upya. Ku bamama bengi inafika kati ya miaka 45 na 55. Kama imefika mbele ya miaka 40, hiyo haiko ya kawaida, nenda ubaonyeshe, juu mwili itakaa miaka mingi bila estrojeni na mifupa na moyo biko na haja yake. Na kama balikutosha ovari zote mbili ku operasio, menopoze inakuja siku ile ile, tena na nguvu. Lakini kama balitosha kizazi tu na baliacha ovari, hautaona damu tena lakini hauko bado mu menopoze, utaijua paka na alama zingine.

HATUA YA 2: Nunua kaye

Usicheke hii, ni hatua yenye ilinisaidia kuliko zote. Kaye ndogo ya mutoto wa shule na bik. Kila asubui andika: damu ilikuja ao hapana, na nguvu gani, joto ilikukamata mara ngapi, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini ao umekula nini mbele yake, ulilala namna gani, roho yako ilikuwa namna gani. Mustari mbili inatosha. Kama haujui kuandika muzuri, mutoto akuchorishe siku ku karatasi na we utie musalaba ku siku ya damu na duara ku siku ya joto.

Kisha wiki sita miye niliona kitu sikufikiriaga: joto yangu ya muchana ilikuwa inakuja dakika kumi kisha chai ya moto na pilipili, karibu kila mara. Na ile ya usiku ilikuwa mubaya siku tulikuwa na karamu na nilikunywa bilauri moya ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ku mwingine itakuwa kahawa, ao blanketi nzito, ao kugombana na mutu. Kila mwili iko na yake, na hakuna munganga atakuambia yako, ni kaye.

HATUA YA 3: Tenganisha na magonjwa ingine

Hapa ninaomba usome muzuri, juu kuna makosa mbili. Ya kwanza ni ile yangu, kumeza dawa ya malaria mara tatu na malaria haiko. Ya pili ni kinyume, kusema "ni miaka tu" na kumbe ni ugonjwa.

Joto ya menopoze inapanda mbio, kifua na shingo na uso, inakaa dakika moya mpaka tano, inaisha, na kati ya moya na ingine uko muzuri kabisa, unakula, unafanya kazi. Malaria iko na homa ya kweli, kichwa inauma, mwili inavunjika, hauna hamu ya chakula. Tia termometre. Kama iko 38 na zaidi hiyo haiko menopoze, nenda bakuchome kidole, tesi ya haraka inatoa jibu mu dakika 15 ao 20. Kama tesi inasema hakuna, omba batafute kitu ingine mbele ya kukuandikia dawa.

Jasho ya usiku na kikohozi ya wiki mbili na zaidi, na unakonda, hiyo ni kutafuta kifua kikuu, na matunzo yake kwetu ni ya bure. Jasho na kukonda na mikono inatetemeka na moyo inakimbia siku nzima inaweza kuwa tiroide, ile ya ku shingo. Kiu nyingi na kukojoa kila saa, pima sukari. Na kama hauna hakika juu ya virusi vya ukimwi, pima, hata ukiwa na miaka 55, hakuna aibu.

Na kitu ya mwisho: kama mwezi imekosa na uko chini ya miaka 50, fanya kwanza tesi ya mimba. Nimeshazalisha mama wa miaka 46 alikuwa anasema ni menopoze mpaka mutoto alianza kucheza.

HATUA YA 4: Damu yenye haiko ya kungojea

Mama moya jirani, miaka 59, alinikuta ku barabara akiwa na furaha kabisa.

"Mama infirmiye, unajua nini? Mwezi yangu imerudi! Mungu amenirudishia ujana."

"Yaya, imerudi lini?"

"Wiki ya pili sasa, kidogo kidogo tu. Hata haiumi."

"Yaya yangu, nakuomba, kesho asubui tunaenda pamoja ku hospitali."

Alinikasirikia siku ile, alifikiri nina wivu. Lakini alienda, balimufanyia ekografi, balitosha kipande kidogo ndani ya kizazi bakapima, na ilikuwa kansere, ndogo bado. Balitosha kizazi. Leo anauzisha maharagi vile zamani.

Kwa hiyo shika hii: damu yoyote yenye inakuja kisha miezi 12 bila damu, hata tone moya, hata rangi ya kahawa, hata haiumi, hata ilikuja siku moya tu, inaenda kwa munganga wa bamama. Mara nyingi itakuwa kitu ndogo, ngozi ya ndani imekauka, ao kanyama kadogo kanatolewa mbio. Lakini hakuna mutu anaweza kujua na macho, na kansere ya kizazi ikipatikana mapema inapona.

Wale benye bado banaona mwezi, angalieni hii: pedi inajaa kila saa mu masaa kadhaa, mabonge makubwa ya damu, damu ya zaidi ya siku 7, damu kisha kulala na bwana, ao damu kati kati ya mwezi. Mara mingi mu hii miaka ni fibrome, ile uvimbe ya kizazi, ao hormoni zenye hazifuatane, na biko na dawa. Mama anazoea, anasema ni ya wazee, na anakuja kwetu damu imeshaisha mu mwili, ulimi iko nyeupe, hapandi hata ngazi tano. Omba bapime damu, na kama damu imepungua bakupe dawa ya feri.

Na tumbo yenye inavimba bila sababu, ao kitu ngumu ku ziwa, ile ya kunyonyesha, hiyo pia haingoje. Kupima mulango ya kizazi usiache juu mwezi imekatika. Ile ya kupakaa vinegre inakuwa ngumu kusoma kisha menopoze, juu ile fasi ya kuangalia inaingia ndani, kwa hiyo uliza kama kuko tesi ya virusi vya HPV, vile vyenye vinaleta kansere ya mulango ya kizazi, ile njo nzuri kwa miaka yetu. Hapa Bukavu banganga ba bamama biko ku hospitali ya Panzi, ile Daktari Mukwege alianzisha mwaka 1999, na ku hospitali ya provinse.

HATUA YA 5: Joto na usingizi, bintu bya kufanya leo

Toa blanketi moya nzito, tia bitambaa mbili tatu bya pamba moya juu ya ingine, ili usiku utoe moya tu, usibaki uchi kisha baridi ikukamate. Kitenge ya zamani yenye imelainika iko muzuri kuliko shuka ya nailoni, nailoni inafunga jasho. Tia nguo moya kavu karibu na kichwa, na taulo ndogo, na chupa ya maji, ili usiamushe nyumba yote unatafuta mu giza. Vantilateri kwetu ni bahati, umeme haitabiriki, lakini kitambaa yenye kuloweshwa maji na kukamuliwa, unatia nyuma ya shingo na ku mikono, inashusha joto mbio.

Muskitere usitoe! Najua inafunga hewa, lakini jasho haiui na mbu inaua. Iinue juu kidogo, ifunge muzuri chini, na fungua dirisha kidogo kama iko na vyuma.

Muchana, angalia kichwa. Perike na meshi nzito ni kama kofia ya sufu, nilikata zangu na niliona tofauti wiki ile ile. Blauzi ya pamba, yenye kufunguka mbele, na kitenge kidogo juu ya bega yenye unatoa. Chai iache ipoe kidogo. Joto ikianza, simama, vuta hewa pole pole na pua, itoe pole pole na mudomo, hesabu mpaka sita, mara kumi. Haitaifukuza lakini inazuia ile woga yenye inapandisha moyo.

Usingizi: kahawa isipite saa sita ya muchana, pombe punguza juu inalaza mapema na kuamusha saa nane. Lala na kuamuka kila siku ku saa ile ile hata ulilala mubaya. Na kama mujukuu analala na we ku kitanda, mupatie mukeka yake, mwili ya mutoto ni moto kama mbabula na wewe tayari uko na moto yako. Wale baliandika kaye na kufanya hii yote miezi miwili, wengi banapata nafuu, hapana wote. Kama hauna nafuu, ruka uende ku hatua ya 8.

Na usiwaze itaisha wiki ijayo. Ku bamama bengi joto inakaa miaka kadhaa, bengine miaka 7 na kupita.

HATUA YA 6: Yenye bamama hatusemi, fasi ya siri

Estrojeni ikipungua ngozi ya uke inakuwa nyembamba na kavu. Kulala na bwana kunauma, mama anaanza kukimbia, bwana anafikiri kuna mutu mwingine, na ndoa inavunjika juu ya kitu yenye jeli ya farmasi ingesaidia. Tofauti na joto, hii ukavu haipitage na miaka, inazidi, kwa hiyo usingojee.

Nunua jeli ya maji ya kulainisha, tumia kila mara, muende pole pole, mupeane wakati. Kama munatumia kapoti hapana mafuta ya mawese, hapana vazelini, inapasua mpira. Ndani usitie sabuni, ndimu, chumvi, tumbako ao majani ya kukausha, nimeona majeraha yenye sitaki kuandika hapa. Nje maji safi inatosha. Kama jeli haitoshi, kuko krema ao kidonge kidogo ya estrojeni ya kutia ndani, kipimo chake ni kidogo sana, inafanya kazi pale pale na karibu haipite mu mwili. Uliza munganga wa bamama.

Mukojo pia: inachoma, inatoka ukikohoa ao ukicheka. Ikichoma peleka mukojo ku labo, usimeze antibiotiki ya kubahatisha. Ikitoka yenyewe fanya zoezi hii: kaza misuli kama mutu anazuia hewa na mukojo, shika sekunde 5, legeza sekunde 5, mara 10, asubui, muchana na jioni. Kisha miezi mitatu utaona. Ukisikia kitu inashuka kama yai kati ya miguu, ni kizazi ao kibofu inashuka, wale banabeba mizigo ya kamba ku kichwa banaijua, nenda baangalie na punguza mizigo kwanza.

Na mimba? Bado inawezekana mpaka menopoze imehakikishwa. Kanuni iko hivi: kama mwezi ya mwisho ulikuwa na miaka 50 na zaidi, endelea na uzazi wa mpango mwaka moya mbele, kama ulikuwa chini ya 50, miaka miwili. Kama uko na sindano ya miezi 3 ao ile ya mu mukono, damu inaweza kukatika juu yake, basi hautajua na damu, ongea na watu wa uzazi wa mpango ukifika 50. Na kumbuka, kukoma mwezi hakukingi virusi wala kaswende.

HATUA YA 7: Mifupa, moyo, na sahani

Hapa hakuna maumivu njo maana tunasahau. Miaka ya kwanza kisha menopoze mifupa inapoteza nguvu mbio kuliko wakati wote, na mvua ya Bukavu na ile udongo ya kuteleza biko hapo hapo, mama anateleza kidogo ku Nyamugo anavunjika mukono. Mwanamuke wa zaidi ya miaka 50 anaomba kama miligramu 1.200 ya kalsiamu kwa siku. Bilauri ya maziwa inatoa kama 300, mashanza, ile maziwa ya kuganda, ni vile vile. Sambaza ukiikula nzima na mifupa yake ni kalsiamu safi, na hii samaki ilikuja mu ziwa yetu kutoka Tanganyika ku mwisho ya miaka ya 1950, bazee bengine banakumbuka. Tia na maharagi, lengalenga, sombe, na jibini ya Masisi siku kuko pesa. Uji ya mahindi, soja na sorgo ni nzuri mara mbili, soja inapunguza joto kidogo ku bamama bengine, hapana ku wote, usinunue vidonge vyake kwa bei ya mbuzi.

Jua kidogo ku mikono na miguu kila siku. Na kutembea: kupanda kwetu ni dawa, dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, ile ya kupanda na pumzi inakatika kidogo lakini unaweza bado kuongea. Viatu vyenye kushika chini, hapana kandambili wakati ya mvua.

Tansio, ile presha ya damu, pima hata kama unasikia uko muzuri, juu kisha menopoze inapanda ku bengi na haisemi kitu. 140 juu ya 90 na zaidi, mara nyingi, inaomba munganga. Chumvi na kibe, ile ya kutia ladha mu mboga, punguza, mafuta pia. Tumbo itaongezeka hata ukikula vile vile, hiyo ni ya kawaida, punguza bugali kidogo na ongeza majani, na usijilaumu.

HATUA YA 8: Dawa za kweli

Yenye nguvu kuliko zote juu ya joto ni hormoni yenyewe. Mwenye kuwa bado na kizazi anapewa estrojeni pamoja na projesteroni, juu estrojeni peke yake inaongeza hatari ya kansere ya kizazi, mwenye hana kizazi anapewa estrojeni tu. Inaendana muzuri na mama chini ya miaka 60 ao ndani ya miaka 10 ya kwanza kisha menopoze. Mwaka 2002 kulitoka utafiti mukubwa ya Marekani na dunia yote iliogopa hormoni, kisha baliangalia tena wakaona ku mama wa miaka 50 hatari ni ndogo, lakini haiko zero: ile ya pamoja inaongeza kidogo kansere ya ziwa, na vidonge vinaongeza kidogo damu kuganda. Ile ya kubandika ku ngozi ao jeli iko salama zaidi juu ya kuganda.

Hapana kabisa kwa mwenye alipata kansere ya ziwa, damu kuganda mu muguu ao mu mapafu, kupooza, ugonjwa ya ini, ao damu yenye haijajulikana inatoka wapi. Ku farmasi za hapa haipatikane kila fasi na bei iko juu, nasema ukweli. Na njo maana bamoja banauzia bamama vidonge vya uzazi wa mpango kama dawa ya menopoze. Usikubali. Ile iko na nguvu kuliko, na mama wa miaka 52 mwenye tansio anaweza kupooza nayo.

Kama hormoni haiwezekane, kuko dawa zenye haziko hormoni, kama venlafaksini ao gabapentini, zinapunguza joto, munganga anachagua na kipimo. Kama unameza tamoksifeni ya kansere ya ziwa ao dawa za virusi, sema mbele, juu dawa zingine zinagombana.

HATUA YA 9: Roho, na watu wa nyumba

Nilikuwa ninalia juu ya sahani yenye kuvunjika. Nilikuwa ninasahau jina ya mutoto wa dada yangu. Nilifikiri ninakuwa mwenda wazimu, na ku shambre ya maombi baliniambia ni roho ya hasira. Maombi ni nzuri na miye naomba kila siku, lakini mutu asikukataze dawa na asikulaumu. Kusahau kidogo, hasira ya mbio, woga bila sababu, bile byote biko mu hii miaka, na usingizi mubaya inaongeza, na vita na watu tulipoteza inaongeza tena. Kama wiki mbili nzima hauna furaha ku kitu yoyote, hauli, ao unafikiri heri ufe, hiyo ni ugonjwa yenye kutunzwa, ambia mutu leo, kisha nenda ku santre.

Bwana muambie. Miye nilingoja miaka miwili, kisha jioni moya nilimuambia: "Papa ya batoto, nikihama kitanda usiku haiko kukukimbia, ni joto, mwezi yangu inakatika." Alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe ni hiyo? Miye nilifikiri umenichoka." Toka siku ile njo anajaza ile chupa ya maji ya usiku. Na batoto wakubwa baambie pia, hasa basichana, bajue mama yao alianza na miaka ngapi, mara nyingi mutoto anakaribia kufuata mama.

HATUA YA 10: Siku ya kuona munganga

Beba kaye. Beba majina ya dawa zote unameza, na za kienyeji pia, usifiche. Juu wakati ni mufupi, anza na hii maneno, isome kama unaogopa: "Niko na miaka fulani, mwezi yangu ya mwisho ilikuwa siku fulani, joto inanikamata mara fulani kwa siku, usiku inaniamusha mara fulani, na kitu yenye inanisumbua kuliko ni hii." Uliza mambo mane: ni menopoze ao kitu ingine, nipime nini, dawa gani inaendana na tansio yangu na historia ya jamaa yangu, na nirudi lini. Tesi ya hormoni ya bei kubwa, kama uko na miaka zaidi ya 45 na alama ziko wazi, mara mingi haina lazima, hormoni inapanda na kushuka kila siku, tunza ile pesa kwa ekografi kama kuna damu.

Na kama anachukua karatasi kukuandikia dawa ya malaria, mupe kaye mu mukono, na umuombe kwa heshima akuchome kwanza kidole.